Divisheni ya 27 ya Tsar: namba moja, vikosi vingi

Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, maneno ya kijeshi yamehamia barazani na kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu anasikia kwamba divisheni fulani ya Urusi imesogea mbele, anaitafuta mtandaoni, na hapo ndipo anapopotea. Ukurasa mmoja unamwambia kikosi chenye namba hiyo kilipigana na Napoleon mwaka 1812. Wa pili unasema kiliundwa 1863. Wa tatu unasema 1918. Kila mwandishi anaonekana kujua anachosema. Nani mkweli?

Wote wanaweza kuwa wakweli. Tatizo ni kwamba namba ya divisheni haifanyi kazi kama tunavyodhani. Ili jambo hili lieleweke nimechagua divisheni moja ya askari wa miguu ya jeshi la Tsar, yaani mfalme wa Urusi ya zamani, ile ya 27. Mkanganyiko wote umo ndani yake. Tena, waliokufa chini ya namba hiyo wanastahili kukumbukwa kwa yale waliyoyafanya wao wenyewe, si kwa yale yaliyofanywa na wengine miaka mia moja kabla yao.

Divisheni ni nini hasa

Kwa Mtanzania aliyepita kidato cha nne, divisheni ni daraja la ufaulu: kuna waliopata wani na kuna waliopata ziro. Jeshini neno hili halina uhusiano wowote na ubora. Divisheni ya 1 haikuwa bora kuliko ya 27. Ni fungu la jeshi tu, kubwa kiasi cha kuweza kupigana lenyewe kwa siku kadhaa, likiwa na askari wake, mizinga yake, madaktari wake na magari yake ya kukokotwa na farasi.

Tuanzie chini tukipanda. Katika jeshi la Urusi la mwaka 1914, kombania ilikuwa na watu mia mbili na ushei, idadi ambayo afisa mmoja angeweza kuikariri kwa sura na majina. Kombania nne zilifanya batalioni moja, karibu watu elfu moja. Batalioni nne zilifanya rejimenti. Rejimenti mbili zilikuwa brigedi, na brigedi mbili zilikuwa divisheni. Ukipiga hesabu unapata rejimenti 4 na batalioni 16, yaani askari wa miguu wapatao 16,000 kikosi kikiwa kimejaa. Juu yao kulikuwa na mizinga 48, na kila rejimenti ilikuwa na bunduki 8 za rashasha, zile ambazo askari wetu wa zama hizo waliziita bombom. Divisheni mbili kwa kawaida zilifanya kori, na kori kadhaa zilifanya jeshi lenye namba yake, kama Jeshi la Kwanza au Jeshi la Pili.

Kipimo cha huku kwetu kitasaidia. Jeshi lote la Wajerumani lililopigana Afrika Mashariki chini ya von Lettow-Vorbeck, askari weusi na maafisa weupe pamoja, katika kilele chake lilikuwa la watu 14,000 au 15,000 hivi. Kwa maneno mengine, vita vilivyotikisa nchi kutoka Tanga hadi Msumbiji, upande mmoja ulipigana na watu wasiofika divisheni moja kamili ya Tsar. Urusi iliingia vitani Agosti 1914 na divisheni za namna hiyo kwa makumi.

Neno linalobeba historia ni rejimenti. Wazee wetu waliopigana Keya, yaani KAR, kikosi cha Waingereza cha askari wa Kiafrika, wanalielewa jambo hili bila kufundishwa: Keya ilikuwa rejimenti moja yenye batalioni nyingi, na mtu alijitambulisha kwa Keya yake hata miaka arobaini baada ya kuvua sare. Urusi ilikuwa hivyo hivyo. Rejimenti ilikuwa na bendera iliyobarikiwa na padri, ilikuwa na sikukuu yake ya kila mwaka, na ilikuwa na nishani zilizotajwa kwa jina la vita ilimozipata. Divisheni haikuwa na bendera. Ilikuwa na kamanda, ofisi na namba.

Kwa hiyo namba ya divisheni ichukulie kama namba ya jezi. Anayevaa 10 leo hajafunga mabao ya aliyeivaa jana. Rejimenti ni kama ukoo: inaweza kuhama mji ikabaki yenyewe.

Wa kwanza kuvaa 27

Miezi michache kabla Napoleon hajavuka mpaka, Jenerali Dmitry Neverovsky alipewa kazi ya kuunda divisheni mpya mjini Moscow. Alipewa rejimenti sita changa: Odessa, Tarnopol, Vilna na Simbirsk, pamoja na mbili za askari wepesi wa kulenga shabaha, za 49 na 50. Wengi wa watu wake walikuwa kuruta. Zama hizo kuruta alichukuliwa kijijini kwa utumishi wa miaka 25, na nyumbani waliagana naye kama anayekwenda kuzikwa.

Tarehe 14 Agosti 1812, karibu na mji mdogo wa Krasnoi, watu hawa walikutana na wapanda farasi wa Marshali Murat, kamanda wa Napoleon. Neverovsky alikuwa na watu 7,000 hivi. Murat alikuwa na farasi maradufu ya idadi hiyo. Mapema kabisa wapanda farasi wachache waliokuwa upande wa Neverovsky walitawanywa na baadhi ya mizinga ikapotea. Kilichobaki ni vijana wa miguu kwenye barabara iliyopandwa miti pande zote mbili, na Smolensk ikiwa mbali nyuma yao.

Elimu ya askari wa miguu dhidi ya farasi ilikuwa moja: msitawanyike. Farasi hakubali kujirusha juu ya ukuta wa visu vya bunduki, lakini mtu mmoja mmoja anayekimbia uwandani hana pa kuponea. Neverovsky aliwakusanya katika umbo la mraba, akawarudisha nyuma hatua kwa hatua huku miti ya barabarani ikiwazuia farasi wasiingie kwa wingi. Masimulizi yanataja mashambulizi 30 au 40 siku hiyo. Divisheni ilipoteza watu wapatao 1,500, lakini haikuvunjika. Siku hiyo waliyoinunua iliwapa wenzao nafasi ya kuingia Smolensk kabla ya Wafaransa. Jemadari Bagration wa Urusi, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, aliusifu katika taarifa yake ujasiri wa divisheni hiyo, akisisitiza kwamba ilikuwa mpya kabisa.

Wiki tatu baadaye wakawa Borodino, kwenye ngome za udongo za upande wa kushoto, pale ambapo Wafaransa walipiga kwa nguvu kuliko pote. Jioni ya tarehe 7 Septemba sehemu kubwa ya divisheni haikuwepo tena. Neverovsky mwenyewe alijeruhiwa Leipzig mwaka uliofuata na akafa kwa jeraha hilo. Mwaka 1912, miaka mia moja baada ya vita, mabaki yake yalihamishiwa uwanja wa Borodino, na mnara wa Divisheni ya 27 ukasimamishwa huko.

Mnara huo ndio unaowachanganya wengi. Mtu anauona, anasoma namba 27, kisha anakumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1912 kulikuwa na Divisheni ya 27 hai, iliyokaa Vilna, mji tunaoujua leo kama Vilnius, makao makuu ya Lithuania. Anaunganisha. Hapana.

Uzi unapokatika

Baada ya vita vya Napoleon jeshi la Urusi lilipangwa upya, likapangwa tena, na namba zikagawiwa upya kila mara. Rejimenti za Neverovsky zilitawanywa katika divisheni nyingine. Kisha ukaja mwaka 1863. Maasi yalikuwa yamezuka Polandi na serikali ya Tsar mjini St. Petersburg iliogopa vita na mataifa ya Ulaya Magharibi. Dmitry Milyutin, waziri wa vita, akalipanua jeshi kwa haraka: batalioni za akiba ziligeuzwa kuwa rejimenti, rejimenti zikafanya divisheni mpya, na mojawapo ikapewa namba 27 iliyokuwa wazi. Hakuna damu ya Krasnoi iliyopita humo.

Mwaka 1864 rejimenti nazo zilipewa namba, na hapa kuna hesabu ndogo itakayokusaidia maisha yako yote ukisoma historia hii. Chukua namba ya divisheni ya kawaida ya miguu, izidishe kwa 4. Jibu ni namba ya rejimenti yake ya mwisho. 27 mara 4 ni 108. Basi Divisheni ya 27 ilikuwa na rejimenti ya 105 ya Orenburg, ya 106 ya Ufa, ya 107 ya Troitsk na ya 108 ya Saratov. (Walinzi wa Tsar na magrenadia, vikosi teule vya miguu, walikuwa na utaratibu wao, hesabu hii usiwapelekee.)

Sasa igeuze hesabu hiyo utafute watoto halisi wa Neverovsky. Kufikia 1914 rejimenti ya Odessa ilikuwa ya 48: gawa kwa 4, unapata Divisheni ya 12. Vilna ilikuwa ya 52, yaani Divisheni ya 13. Simbirsk ilikuwa ya 24, Divisheni ya 6, na jina lake kamili lilikuwa Rejimenti ya 24 ya Simbirsk ya Jenerali Neverovsky. Jina la jenerali lilikuwa limeifuata rejimenti, wala halikubaki kwenye namba 27.

Na majina ya miji nayo yasikudanganye. Orenburg, Ufa na Troitsk ni miji ya Urali, Saratov iko kando ya Volga, lakini rejimenti hizi zilikaa upande wa magharibi kabisa wa dola, na askari wao waliletwa kutoka mikoa mbalimbali. Jina lilikuwa urithi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita vile vile vya 1914 hadi 1918, na leo huendi Kariakoo kutafuta wapagazi wa jeshi.

Siku tatu za Agosti

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Divisheni ya 27 ilikuwa chini ya Jenerali Adaridi, ndani ya Kori ya 3, katika Jeshi la Kwanza la Rennenkampf. Kazi yao ilikuwa kuingia Prussia Mashariki, jimbo la Ujerumani lililopakana na Urusi.

Kwanza tutatue tarehe, maana hapa wasomaji wengi huona kama kuna vita viwili. Urusi ya Tsar ilitumia kalenda ya Julian, iliyokuwa nyuma kwa siku 13 katika karne ya 20 na siku 12 katika karne ya 19. Vitabu vya Kirusi vya zamani vitakuambia mapigano ya Gumbinnen yalikuwa tarehe 7 Agosti, vya Kijerumani tarehe 20. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa kuliko wengi: kila siku tunaishi na saa mbili kwa pamoja, saa moja asubuhi yetu ikiwa saa saba kwenye ratiba ya ndege, na hakuna anayedhani jua limechomoza mara mbili. Mimi nitatumia kalenda ya leo.

Tarehe 17 Agosti 1914 divisheni ilivuka mpaka kuelekea Stallupönen. Kushoto kwake ilipaswa kuwepo Divisheni ya 40, lakini hiyo ilikuwa imechelewa, na baina yao pakabaki pengo lisilo na mtu. Jenerali wa Kijerumani aliyekuwa mbele yao, François, alikuwa amekatazwa na mkubwa wake kupigana pale. Alipigana. Wajerumani waliingia kwenye pengo na kuipiga rejimenti ya Orenburg kwa ubavu na kwa nyuma. Kamanda wake aliuawa, maelfu ya watu wa divisheni wakauawa, wakajeruhiwa au wakatekwa, na waliobaki wakarudi mpakani.

Kwa kawaida divisheni iliyopigwa hivyo hupewa wiki kadhaa ijikusanye. Hii ilipewa siku tatu.

Asubuhi ya tarehe 20 Agosti, kusini-mashariki mwa Gumbinnen, Kori ya 17 ya Kijerumani ya Jenerali Mackensen ilishambulia ikitokea usiku mzima wa kutembea. Mackensen aliamini Warusi wako mbioni. Hawakuwa mbioni, walikuwa wamejichimbia. Wajerumani walikuja uwandani kwa mistari iliyobanana, na mbele yao walikuwepo askari walewale wa 27 waliofukuzwa juzi, safari hii wakiwa ndani ya mahandaki na mizinga ikiwa nyuma yao. Wapiga mizinga wa Urusi walikuwa wamejifunza kwa uchungu katika vita na Japani vya 1904 na 1905 jinsi ya kupiga shabaha wakiwa wamejificha, na siku hiyo elimu ile ililipa. Ikafika mahali mizinga ya Wajerumani yenyewe ikawapiga watu wake. Mchana kori ile ilivunjika na kukimbia, ikiwa imepoteza watu wapatao 8,000. Divisheni ya 27 ilitwaa mizinga 12.

Nakaa kwenye siku hii kwa makusudi. Imani iliyoenea ni kwamba Warusi wa 1914 walikuwa umati wa wakulima wasiofundishwa, walioshinda au kushindwa kwa wingi wao tu. Gumbinnen haikubaliani na imani hiyo. Divisheni iliyokuwa imepoteza maelfu ya watu siku tatu tu kabla ilisimama dhidi ya kori ya jeshi lililosifiwa kuliko yote Ulaya, na ilishinda kwa ufundi: kuchimba vizuri, kulenga vizuri, na maafisa waliojua kazi yao. Habari zilipofika kwa mkuu wa jeshi la Wajerumani la huko, Prittwitz, alitaka kurudi nyuma ya mto Vistula. Wakubwa wake wakamwondoa na kuwaleta majenerali Hindenburg na Ludendorff.

Imani nyingine ni kwamba jeshi lote la Urusi lililoingia Prussia Mashariki liliangamia Tannenberg. Lililoangamia mwishoni mwa Agosti ni Jeshi la Pili, la Samsonov. Divisheni ya 27 ilikuwa katika Jeshi la Kwanza na haikuwepo pale. Waliokuwepo, ndani ya Kori ya 15, ni Divisheni ya 6, pamoja na rejimenti ya 24 ya Simbirsk, ile yenye jina la Neverovsky. Hivyo katika mwezi mmoja, namba ya Krasnoi ilishinda Gumbinnen, na ukoo wa Krasnoi ukamezwa na msitu wa Tannenberg. Mtu anayefuata namba peke yake hawezi kuuona msiba huo.

Msitu wa Augustów

Februari 1915 divisheni ilikuwa katika Kori ya 20 ya Jenerali Bulgakov, chini ya Jeshi la 10. Namba ilikuwa ileile, rejimenti zilezile, bendera zilezile. Watu hawakuwa walewale. Maafisa na masajini waliofundishwa kwa miaka ya amani walikuwa wamelala ardhini tangu Agosti, na nafasi zao zilijazwa na wageni.

Tarehe 7 Februari Wajerumani walianza kushambulia katikati ya dhoruba ya theluji. Pande zote mbili za Jeshi la 10 zilirudi nyuma, na Kori ya 20 iliyokuwa katikati ikabaki ndani ya msitu wa Augustów kama maji ndani ya kiganja kinachofungwa. Baridi ikalegea, theluji ikayeyuka, barabara za msituni zikawa tope, farasi wakafa njaa wakikokota mizinga.

Hata hivyo, karibu na kijiji cha Makhartse, rejimenti ya 108 ya Saratov, chini ya Kanali Belolipetsky, iliongoza njia na wenzake wa 27 wakaivunja brigedi ya Kijerumani iliyowazibia barabara, wakateka mamia ya watu na kuchukua mizinga. Kwa siku chache kori iliyozingirwa ilikuwa na mateka wake yenyewe, na hakuna aliyejua wawalishe nini. Tarehe 21 Februari, risasi zikiwa zimekwisha, mabaki ya kori yalisalimu amri. Siku walizopigana ndani ya mzingo ziliwapa wenzao muda wa kujipanga upya huko nyuma.

Je, divisheni ilikufa? Hapa ndipo swali letu la mwanzo linapopata jibu gumu kuliko yote. Iliundwa upya, kwa namba ileile na majina yaleyale ya rejimenti, ikabaki kwenye orodha hadi jeshi la zamani lilipovunjwa mwaka 1918. Kwa karatasi ni kikosi kimoja tangu 1863. Kwa watu, aliyefika mwaka 1916 hakukuta karibu mtu yeyote wa Gumbinnen wa kumsimulia.

Namba haikupumzika

Mwaka 1918 Jeshi Jekundu la Wabolsheviki lilianza kuunda divisheni zake na kugawa namba kuanzia moja, kana kwamba hapakuwahi kuwa na nyingine. Divisheni yake ya 27 iliingia Omsk tarehe 14 Novemba 1919, ikimfukuza Admirali Kolchak, kiongozi wa wapinzani wa Wabolsheviki, na ikapewa jina la Divisheni ya 27 ya Omsk. Haikurithi chochote kutoka kwa ile ya Vilna. Ndiyo maana ukurasa mmoja ulikuambia 1918 na mwingine 1863: zinazungumzia vikosi tofauti.

Ukitaka kuvitofautisha, angalia neno moja. Divisheni za Tsar ziliitwa za askari wa miguu. Za Jeshi Jekundu ziliitwa za washika bunduki. Tahadhari ni kwamba Tsar naye alikuwa na vikosi vichache vya washika bunduki, basi uliza pia mwaka. Baada ya hapo tafuta majina ya rejimenti. Ukiona Orenburg, Ufa, Troitsk na Saratov pamoja, uko na watu wa Gumbinnen. Ukiona Odessa, Tarnopol, Vilna na Simbirsk, uko na vijana wa Neverovsky.

Mwaka hasa unahitaji kuulizwa kwa sababu mahali penyewe panaweza kukupoteza. Miji ya mapigano ya 1914 haimo tena kwenye ramani kwa majina yale: Gumbinnen leo ni Gusev na Stallupönen ni Nesterov, yote miwili katika mkoa wa Kaliningrad wa Urusi. Augustów imebaki na jina lake, iko Polandi. Na alfajiri ya tarehe 22 Juni 1941, Wajerumani walipovuka mpaka tena, divisheni iliyokuwa ikilinda eneo la Augustów ilikuwa na namba 27. Ilikuwa ile ya Omsk. Ilisagwa ndani ya siku chache katika nchi ileile ya misitu, mwezi Septemba ikafutwa kwenye orodha, na kabla mwaka haujaisha namba 27 ilikuwa imekwisha kupewa divisheni nyingine, huko Karelia.